Nendeni Kwenye Waraka Wenyewe

Hotuba kwa wasaidizi wa kisheria wa mitaa, Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma mpaka mlangoni, hamjambo. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu Jumamosi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kutafuta mtandaoni nyaraka za haki za binadamu za kimataifa, na ningependa tuingie kazini moja kwa moja.

Kuna swali ambalo kila mmoja wenu ameshaulizwa. Umesimama kwenye baraza la chifu, au kwenye kaunta ya kituo cha polisi, au mbele ya afisa aliyekuja na kopo la rangi nyekundu kupiga X kwenye mabati ya watu. Unamwambia, "Hii ni kinyume cha haki za binadamu." Naye anakutazama, anauliza, "Imeandikwa wapi?"

Wengi wetu hapo ndipo tunaponyamaza, au tunapandisha sauti, na kupandisha sauti hakumsaidii mama ambaye nyumba yake inabomolewa kesho. Nataka tuondoke hapa leo tukiweza kulijibu swali hilo kwa jina la mkataba, namba ya kifungu na namba ya aya. Jibu lipo, limewekwa wazi, halilipiwi, wala halidai uwe wakili. Linadai ujue linakaa wapi, na uwe na mazoea ya kwenda kwenye waraka wenyewe badala ya kutosheka na yaliyosemwa kuuhusu.

Mtaambiwa kwamba mambo ya Geneva, kule kwenye ofisi za haki za binadamu za Umoja wa Mataifa, ni ya Geneva na sisi tuko Kenya. Mkiambiwa hivyo, fungueni Katiba ya 2010, Kifungu cha 2(6). Kinasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hiyo ukishika mkononi mkataba ambao Kenya imeuridhia, umeshika sheria ya nchi hii. Sharti ni hilo moja, uwe umeridhiwa. Basi kabla ya jambo lingine lolote, jueni namna ya kuhakikisha hilo.

Hati za kuridhia hupelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na rejista yake iko kwenye tovuti ya treaties.un.org. Mikataba ya haki za binadamu iko sura ya nne. Ukifungua mkataba mmoja na kuteremka chini, utafika kwenye jedwali la nchi kwa mpangilio wa alfabeti. Ukiifikia Kenya utaona safu mbili za tarehe. Ya kwanza ni ya kutia saini. Ya pili ni ya kuridhia au kujiunga, na nchi iliyojiunga bila kutia saini kwanza huwekewa herufi ndogo "a" pembeni ya tarehe. Chukua Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966. Safu ya saini ya Kenya ni tupu. Ya pili ina 1 Mei 1972, pamoja na hiyo "a". Siku hiyo hiyo Kenya ilijiunga na mwenzake, Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Usishtuke kuiona safu ya kwanza haina kitu. Kujiunga kuna nguvu sawa na kuridhia.

Sasa fungua Mkataba wa Kuwalinda Watu Wote dhidi ya Kutoweshwa kwa Nguvu, wa 2006. Kenya ilitia saini 6 Februari 2007. Safu ya pili haina kitu.

Hapa nawaomba tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili linaumiza. Tuna wazazi katika mji huu ambao wamezunguka kituo hadi kituo, kisha mochari hadi mochari, wakimtafuta mtoto aliyechukuliwa na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Nimewasikia wanaharakati wenye moyo mkubwa wakisema, "Kenya ilitia saini mkataba wa kutoweshwa, kwa hiyo Kifungu cha 2(6) kinatulinda." Ukiyasema hayo mahakamani, wakili wa serikali atakuangusha kwa sentensi moja tu, na familia uliyokuja nayo itarudi nyumbani ikidhani haina haki yoyote. Kumbe inayo. Kumchukua mtu na kukana kwamba unaye kunagusa haki ya kuishi, katazo la mateso na haki ya uhuru, vifungu vya 6, 7 na 9 vya ule mkataba wa 1966 ambao Kenya imefungwa nao tangu 1972. Katiba yetu yenyewe, Kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24, na Kifungu cha 25 kinasema haki ya kuomba mahakama iamuru mtu aletwe mbele yake haiwezi kuwekewa mipaka. Hoja yako ijenge juu ya kilichoridhiwa. Ule mkataba ambao haujaridhiwa mpelekee mbunge wako, umwulize kwa nini saini ya 2007 mpaka leo haijafuatwa na chochote.

Mikataba mikuu ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ni tisa. Kenya imo katika saba. Inayokosekana ni huo wa kutoweshwa na ule wa wafanyakazi wahamiaji na familia zao. Chini ya jedwali lile lile husomwa pia masharti ambayo nchi ilijiwekea ilipojiunga, na wengi hawafiki huko chini. Kenya, kwa mfano, ilipoingia katika Mkataba wa Haki za Kiuchumi ilijitenga na Kifungu cha 10(2), kinachohusu ulinzi wa mama kabla na baada ya kujifungua, ikiwemo likizo yenye malipo. Kama unamtetea mfanyakazi mjamzito, ni afadhali uyajue hayo nyumbani kuliko uyasikie kutoka kwa upande wa pili.

Nije kwenye nyumba, kwa sababu najua ndilo linalowaleta watu wengi mlangoni kwenu.

Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Haki za Kiuchumi kinataja haki ya maisha ya kutosheleza, pamoja na chakula, mavazi na nyumba. Ukisoma hapo tu utaona maneno ni machache mno, na afisa atakuambia hayasemi lolote kuhusu kubomoa. Ndiyo maana ipo kamati ya wataalamu 18 inayosimamia mkataba huo, na kamati hiyo hutoa ufafanuzi unaoitwa Maoni ya Jumla. Namba 4, ya 1991, inaeleza nyumba inayofaa ni ipi. Namba 15, ya 2002, inahusu maji. Na Namba 7, ya 1997, inahusu kufurushwa watu kwa nguvu. Yote yako kwenye tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ohchr.org, katika ukurasa wa kamati hiyo.

Kama kuna waraka mmoja ambao ningetaka kila mmoja wenu awe nao kwenye simu, ni huo Namba 7, aya ya 15. Inataja mambo ambayo wakazi lazima wafanyiwe kabla na wakati wa kuondolewa. Wakazi washauriwe kwa dhati. Wapewe notisi ya kutosha na yenye muda wa maana. Waelezwe ni nini kinapangwa na, inapofaa, ardhi au nyumba hiyo itatumiwa kwa kazi gani baadaye. Maafisa wa serikali au wawakilishi wao wawepo, hasa pale wanaoondolewa ni watu wengi. Wote wanaobomoa wajulikane ni akina nani. Isifanywe wakati wa hali mbaya ya hewa wala usiku, isipokuwa wenyewe wamekubali. Kuwe na njia ya kupata nafuu kisheria, na wanaohitaji kwenda mahakamani wapate msaada wa kisheria pale inapowezekana.

Sikilizeni tena hilo la hali mbaya ya hewa na usiku, kisha mkumbuke mvua za 2024, mito ilipofurika na nyumba za kando ya mito yetu zikabomolewa. Nafahamu kikundi kimoja cha wakazi kilichoichapisha aya hiyo, kikaandika Kiswahili chake kwa kalamu ya wino chini ya kila sehemu, kikaibandika kwenye ukuta wa kioski cha maji ili kila anayechota aisome. Siwaambii kwamba karatasi ile ilizuia tingatinga. Ila iliwafundisha la kuandika. Walipokuja kukaa na wakili, hawakuwa na kilio peke yake. Walikuwa wameandika saa waliyovamiwa, kama mvua ilikuwa inanyesha, kama kuna aliyeonyesha kitambulisho, notisi ilitoka lini na ilibandikwa wapi, na nani aliwahi kuitwa kwenye mkutano. Kila sehemu ya aya ilikuwa imegeuka swali, na kila swali lilikuwa na jibu lenye tarehe. Wakili aliwaambia hapo kwamba nusu ya kazi yake imeshafanyika. Waraka wa kimataifa ukiusoma namna hiyo unakuonyesha ushahidi gani ukusanye, na uukusanye wakati ungali mbichi.

Na mahakama za Kenya husema nini kuhusu maoni na miongozo ya namna hiyo? Jibu lake lina historia ya hapa hapa Nairobi. Kulikuwa na kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Kilibomolewa Novemba 2011, wakati mahakama ilikuwa imeshatoa amri ya kuzuia. Wakazi, kupitia chama chao cha Mitu-Bell, walishinda Mahakama Kuu mwaka 2013. Mahakama ya Rufaa ikautengua ushindi huo 2016. Wakaenda Mahakama ya Juu, Ombi Namba 3 la 2018, na hukumu ikasomwa 11 Januari 2021. Mahakama ya Juu ilisema kwamba miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kufurushwa watu haina nguvu ya kufunga kama kanuni za jumla za sheria ya kimataifa, lakini ni msaada halali wa kufafanua haki ya nyumba na utu wa binadamu. Ilisema pia kwamba mahakama inaweza kutoa amri na kuendelea kusimamia utekelezaji wake. Kisha ikairudisha kesi Mahakama Kuu ili wakazi wapangiwe nafuu. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya miaka tisa tangu kubomolewa. Watoto waliokuwa chekechea siku ile walikuwa wanamaliza shule ya msingi. Hilo linanisikitisha sana, na sitalipamba.

Lakini hukumu ile ni yenu. Nendeni kenyalaw.org, andikeni Mitu-Bell kwenye sanduku la kutafutia, muisome nzima. Tovuti hiyo ni ya Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, na hukumu za mahakama zetu ziko huko bila malipo, pamoja na sheria zote za nchi. Msikomee kwenye muhtasari wa juu. Teremkeni mpaka aya zinazojadili Vifungu vya 2(5) na 2(6), mkaone majaji walivyokubaliana na hoja gani na walivyokataa ipi. Ukimnukulia afisa yale ya kwanza ukaficha ya pili, naye amesoma, umeisha.

Jambo la Afrika tunalisahau, na sijui kwa nini, kwa maana lilianzia hapa nyumbani. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa katika mji huu wa Nairobi, kwenye mkutano wa marais wa Afrika, Juni 1981. Ulianza kutumika 21 Oktoba 1986, na Kenya iliuridhia 1992. Kamisheni inayousimamia iko Banjul, Gambia, na maamuzi yake yako kwenye achpr.au.int. Mahakama ya Afrika iko Arusha, safari ya basi la mchana mmoja kutoka hapa, na hukumu zake ziko kwenye african-court.org.

Huko Banjul tafuteni lalamiko namba 276/2003. Ni la jamii ya Endorois walioondolewa kwenye ardhi yao kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya sabini. Kamisheni iliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao za dini, mali, utamaduni, rasilimali na maendeleo, na Umoja wa Afrika ukauidhinisha uamuzi huo mwaka 2010. Arusha tafuteni kesi namba 006/2012, ya Waogiek wa Msitu wa Mau. Hukumu ilitolewa 26 Mei 2017, na ile ya fidia ikafuata 23 Juni 2022. Mahakama iliamuru Kenya ilipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa mateso ya moyo, na iwape hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Kusoma hukumu hiyo ni raha. Kujua kwamba jamii imeendelea kudai itekelezwe miaka baadaye si raha hata kidogo.

Jueni pia kwamba ninyi au mimi hatuwezi kupanda basi tukafungue kesi Arusha moja kwa moja. Kenya iliridhia itifaki iliyounda mahakama hiyo, lakini haijatoa tamko la kuwaruhusu raia wake na mashirika kwenda wenyewe. Kesi ya Waogiek ilifika kwa sababu Kamisheni ya Banjul ndiyo iliyoipeleka. Mambo haya ya nani anaruhusiwa kugonga mlango upi yaangalieni mapema, kwa maana familia nyingi zimepoteza miaka kwenye mlango usio wao.

Sasa nyaraka za Umoja wa Mataifa kuhusu Kenya yenyewe. Kila baada ya miaka kadhaa serikali hupeleka ripoti mbele ya kila kamati, mashirika ya kiraia hupeleka ripoti zao, halafu kamati huandika maoni ya kuhitimisha, ikisema imeridhishwa na nini, inasikitishwa na nini, na inataka nini kifanyike. Nyaraka hizo zina namba zinazotisha kuzitazama, kumbe zinasomeka. Chukua E/C.12/KEN/CO/2-5. Herufi E ni Baraza la Uchumi na Jamii. C.12 ni kamati ya haki za kiuchumi. KEN ni Kenya. CO ni maoni ya kuhitimisha. 2-5 ni kwamba zilijadiliwa ripoti ya pili hadi ya tano kwa pamoja, na huo ulikuwa mwaka 2016. Ukishaielewa moja umezielewa zote. CCPR/C/KEN/CO/4 ni ya haki za kiraia, 2021. CAT/C/KEN/CO/3 ni ya kupinga mateso, 2022. CEDAW/C/KEN/CO/8 ni ya wanawake, 2017.

Namba hiyo ni muhimu kuliko anwani ya ukurasa. Tovuti hubadilishwa sura, na kiungo ulichotumiwa mwaka juzi leo hakifunguki. Ukiwa na namba ya waraka, unaiandika kwenye documents.un.org na waraka unakuja, uwe umehamishwa wapi. Katika barua zenu kwa chifu, kwa kaunti au kwa mahakama, andikeni namba ya waraka na namba ya aya. Anayetaka kuhakikisha ataweza, na asiyetaka hatapata kisingizio.

Kama hujui kamati ipi ilizungumzia jambo lako, ingia uhri.ohchr.org. Unachagua nchi, unachagua mada, na mapendekezo yote yanakusanywa pamoja, ya kamati, ya wataalamu huru, na ya yale mapitio ambayo nchi huulizwa na nchi wenzake kule Geneva. Kenya imepitia hayo ya mwisho mwaka 2010, 2015, 2020 na 2025. Uzuri wake ni kwamba serikali husema wazi ni mapendekezo yapi inayakubali. Ahadi hizo zikusanyeni, maana ni za serikali yetu wenyewe mbele ya dunia.

Kuhusu lugha, nitasema kwa ufupi. Umoja wa Mataifa una lugha rasmi sita, na Kiswahili hakimo, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyaraka hizi mtazisoma kwa Kiingereza. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 10 Desemba 1948, lenye vifungu 30, lipo kwa Kiswahili kwenye ohchr.org, miongoni mwa lugha zaidi ya 500. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Habari za Umoja wa Mataifa kwa Kiswahili ziko news.un.org/sw, na ni mahali pazuri pa kujua kuna waraka gani mpya. Ila habari ni habari. Ukishaisoma, utafute waraka uliotajwa ndani yake.

Hilo linanifikisha kwenye jambo linalonipa wasiwasi kuliko yote. Vikundi vyetu vya WhatsApp vimejaa karatasi zenye nembo ya Umoja wa Mataifa ambazo hakuna ajuaye zilitoka wapi. Na sasa kuna hizi programu za akili unde, unaziuliza swali zinakujibu kwa ufasaha, na zikikosa kesi zinaitunga, pamoja na majina ya wahusika na mwaka. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani hoja yenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo, wamezipata kwa ChatGPT, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili wenye leseni. Msaidizi wa kisheria akipeleka kesi ya kutungwa, mwenye kulipa ni yule mjane aliyemwamini. Programu hizo zikikupa jina la kesi, lipeleke kenyalaw.org. Zikikupa namba ya waraka, ipeleke documents.un.org. Ikikosekana huko, usiitumie, hata kama inasema kile hasa ulichotaka kusikia.

Najua bando ni ghali, na saiba wanahesabu dakika. Kwa hiyo ukiupata waraka, upakue siku hiyo hiyo, uupe jina linaloeleweka, lenye mwaka, kamati na namba, uuhifadhi kwenye simu na kwenye flashi ya kikundi. Usiuache kwenye mtandao ukitumaini utaurudia. Na ukitumia kompyuta ya saiba, funga akaunti yako na ufute ulichopakua kabla ya kuinuka, hasa kama kina jina la mtu.

Majina ya watu ni jambo zito, na linahusu njia ambayo bado sijaitaja. Kenya haijaridhia itifaki ambayo ingemruhusu raia kulalamika mbele ya kamati ya haki za kiraia. Lakini wako wataalamu huru wa Umoja wa Mataifa, kila mmoja na jambo lake, nyumba, mateso, watetezi wa haki, na kiko Kikundi Kazi cha Watu Waliotoweshwa, kilichoundwa 1980. Hao hupokea taarifa kuhusu nchi yoyote, iwe imeridhia mkataba au haijaridhia. Ile familia niliyoitaja, ambayo mkataba wa 2006 haujaifikia, mlango huu uko wazi kwake. Fomu iko spsubmission.ohchr.org. Mtaalamu akiiandikia serikali, barua hiyo kwa kawaida huwekwa hadharani baada ya siku 60, pamoja na jibu likiwepo. Kwa hiyo usijaze fomu ya mtu bila ridhaa yake. Kaa naye, mweleze serikali itajua nini na dunia itaona nini, muulize kama anataka jina lake lifichwe, na akikataa kabisa, uheshimu. Sisi hatumiliki mateso ya mtu.

Na msingoje mpaka mpate wakili ndipo mwende mahakamani. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema mtu yeyote anaweza kudai haki iliyovunjwa, kwa niaba yake au ya mwenzake, na kanuni lazima zihakikishe hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na mahakama ikibidi ipokee hata nyaraka zisizo rasmi.

Kuna nyaraka ambazo hamtazipata kwenye tovuti yoyote, kwa sababu ziko kwenye kabati la ofisi, kama mpango wa barabara itakayopita mtaani kwenu, au orodha ya waliohesabiwa kulipwa fidia. Kwa hizo mnayo Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba. Unaandika barua, Kiswahili au Kiingereza, ukisema unataka habari gani. Huhitaji kueleza sababu. Weka nakala yenye mhuri wa siku iliyopokelewa, kwa maana ofisi ina siku 21 za kujibu, na zikipita unalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, siku si 21, ni saa 48. Ndugu yako akichukuliwa na hujui yuko kituo gani, sentensi ya kwanza ya barua iseme kwamba ombi hili linahusu uhai na uhuru wa mtu, na chini ya saini yako uandike saa uliyoifikisha.